Mashine ya kukaushia nguo: waya, plagi na paipu ya hewa kabla hujaiwasha

Usiku mmoja wa masika, muda mfupi baada ya Isha, simu yangu ililia. Alikuwa dada yangu, ambaye anafua nguo za watu nyumbani kwake Kisauni. "Kaka, njoo," akaniambia. "Kuna harufu ya plastiki inaungua na siioni inatoka wapi." Nikamwambia azime swichi kuu, awatoe watoto nje, na asiguse kitu kingine chochote mpaka nifike.

Nilipofika nikakuta plagi ya mashine ya kukaushia nguo imegeuka rangi, imelainika, na imegandamana na soketi ya ekstensheni. Ekstensheni yenyewe ilipita chini ya mkeka. Ilikuwa ya nyaya mbili tu, kwa hivyo aliyefunga mashine aliukata waya wa ethi akaukunja nyuma, kisha akaunganisha zilizobaki kwa utepe. Paipu ya hewa ilikuwa ya plastiki laini, imepanda ukutani na kuingia kwenye tundu la dari. Nikaweka ngazi nikachungulia. Manyoya ya nguo yalikuwa yametanda juu ya mbao za paa kama sufi iliyomwagika kutoka kwenye mto. Chumba wanacholala wanawe watatu kiko chini ya dari hiyo hiyo.

Mimi ni fundi wa umeme na kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Mombasa. Zamani mashine hizi tulikuwa tukiziona mahotelini tu. Siku hizi ziko majumbani, kwa sababu masika nguo hukaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka, na wengi wameanza udobi wa nyumbani. Mashine ni nzuri. Lakini ni kitu kinachochanganya moto, upepo, maji na nyuzi za pamba ndani ya sanduku moja, na mara nyingi huwekwa pale palipopatikana nafasi. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza dada yangu kesho yake, tukiwa tumekaa barazani.

Ijue mashine yako kwanza

Ziko aina tatu kubwa. Ya kwanza huvuta hewa ya chumbani, ikaipasha moto kwa koili, ikaipitisha kwenye nguo, kisha ikaitupa nje kwa paipu. Hii ndiyo yenye paipu pana nyuma, na ndiyo ninayoizungumzia zaidi. Ya pili hukusanya mvuke ukageuka maji ndani ya kidoo ambacho wewe mwenyewe hukimwaga. Ya tatu hufanya hivyo pia, ila hutumia mtambo unaofanana na wa friji, na umeme wake ni mdogo zaidi. Hizi mbili za mwisho hazihitaji paipu ya hewa, lakini habari za waya na plagi zinazihusu vilevile.

Kabla ya kununua, tafuta kibati kilichobandikwa nyuma au kwenye fremu ya mlango. Hapo pameandikwa volti, hezi na wati. Umeme wetu Kenya ni volti 240 na hezi 50. Mashine ya Uingereza, Oman au Dubai hukubaliana na umeme huu. Ya Saudia iangalie vizuri, kwa sababu kule umeme ni wa hezi 60. Ya Marekani nitaieleza mbele, maana ina mambo yake.

Umeme: soketi yake peke yake

Mashine ya kawaida ya nyumbani yenye paipu huvuta wati 2,000 hadi 2,700 koili inapowaka. Plagi yetu ya meno matatu ya bapa ina fyuzi ya ampea 13, na ukizidisha 13 kwa 240 unapata wati 3,120. Maana yake, mashine moja tu imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wa plagi. Ukiichomeka kwenye ekstensheni pamoja na pasi au birika, umepita mpaka. Na pasi hukaa motoni dakika chache, lakini mashine hii huvuta kwa saa nzima bila kupumzika sana. Plagi iliyolegea kidogo, ambayo kwenye redio isingeleta shida, hapa itapata moto mpaka iyeyuke.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii: mashine ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Isiwe ekstensheni, isiwe adapta. Kukiwa na uwezo, fundi avute laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, nyaya za milimita mraba 2.5, na breka yake ya ampea 20. Iongezwe pia breka ya kuvuja umeme, ile ya miliampea 30. Hiyo hukata haraka umeme unapopita mahali pasipofaa, pengine mwilini mwa mtu. Dobi ana mikono yenye maji na sakafu yenye maji. Breka hiyo si anasa kwake.

Usiidharau chumvi ya bahari. Karibu na pwani upepo wa kusi huleta unyevu wa chumvi unaokula shaba na skrubu za soketi. Mgusano ukishika kutu, unapata moto. Kila baada ya miezi michache, mashine ikiwa imefanya kazi nusu saa, izime, chomoa plagi, uiguse. Vuguvugu si neno. Ikiwa inaunguza kidole, au kuna alama ya hudhurungi kwenye soketi, usiitumie tena mpaka ibadilishwe.

Kufunga plagi na waya

Mashine nyingi huja na waya wake tayari. Kama waya umekatika, umechubuka au panya wameutafuna, ubadilishe wote. Usiunge kwa utepe. Waya mpya uwe wa nyaya tatu, wenye unene wa milimita mraba 1.5, na uwe mfupi wa kutosha kufika soketini bila kukunjwakunjwa.

Kwanza chomoa mashine kabisa. Kuzima swichi ya mashine hakutoshi. Kisha kumbuka rangi: kahawia ni laivu, buluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa manjano ni ethi. Katika nyumba zetu za zamani nyaya za ukutani ni nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ethi. Usizichanganye, na usiamini rangi peke yake. Pima kwa kipimo, kwani mafundi waliotangulia hawakufuata rangi sikuzote.

Ukiifungua plagi na kuitazama ndani, jino refu likiwa juu, mambo yamepangwa hivi:

1. Jino la juu ni la ethi. Hapo huenda waya wa kijani na manjano. Uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili plagi ikivutwa kwa nguvu, ethi iwe ya mwisho kuachia.
2. Upande wa kulia, penye fyuzi, ni laivu. Hapo huenda waya wa kahawia.
3. Upande wa kushoto ni nyutro. Hapo huenda waya wa buluu.
4. Menya kila waya kiasi cha kuingia kwenye skrubu tu. Sokota nyuzi zake vizuri, kaza, kisha uvute kidogo kuona kama umeshika. Asibaki uzi hata mmoja nje.
5. Kile kibano cha chini kishike ganda la nje la waya, si zile nyaya ndogo za ndani.
6. Fyuzi iwe ya ampea 13. Kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi ni kuitia nyumba rehani.

Upande wa mashine ni vivyo hivyo. Kifuniko cha nyuma kikifunguliwa, kuna ubao mdogo wenye herufi L na N na alama ya ethi. Waya lazima upite kwenye tundu lenye mpira wa kuzuia bati lisiukate, na lazima ubanwe na kibano chake. Mashine hutikisika. Waya usiobanwa utasuguana na bati kila siku mpaka siku moja shaba iguse bodi.

Hapo ndipo utajua kazi ya ethi. Laivu ikigusa bodi na ethi ipo, umeme hukimbilia ardhini, fyuzi au breka ikakata, nawe ukaona mashine imezimika tu. Ethi ikiwa imekatwa, bodi yote hubaki na umeme ikingoja mkono. Dada yangu alikuwa akiifungua mashine ile kila siku akiwa peku, na sakafu imerowa. Niliyoyaona kwenye plagi yalinitisha, lakini ule waya wa kijani uliokunjwa nyuma ulinitisha zaidi.

Paipu ya hewa: fupi, nyoofu, ya chuma

Mzigo wa kilo 7 za nguo ukitoka kwenye mashine ya kufulia huwa bado umebeba lita 3 za maji au zaidi. Maji hayo yote lazima yatoke nje kama mvuke, pamoja na manyoya ya nguo yaliyopenya kwenye chujio. Yakitupiwa chumbani, ukuta unaota kuvu. Yakitupiwa darini, mbao zinaoza na manyoya yanakuwa chakula cha moto. Kwa hivyo hewa itoke nje ya nyumba. Isiishie darini, wala kwenye uwazi wa ukuta, wala kwenye bomba la jiko.

Paipu nyingi zina upana wa milimita 100, yaani inchi 4. Usiibane iingie kwenye ndogo. Bora kabisa ni bomba gumu la bati au alumini, lenye ndani laini. Pakihitajika kupinda, tumia alumini nzito inayokunjika kidogo. Ile ya plastiki nyeupe yenye waya wa mviringo ndani ni rahisi na inapatikana kila duka, lakini mikunjo yake hushika manyoya, na moto ukianza inaungua pamoja nayo.

Kila kona hupunguza nguvu ya hewa. Sogeza mashine karibu na ukuta wa nje ili paipu iwe fupi iwezekanavyo, na kona zisizidi moja au mbili. Kitabu cha mashine kimeandika urefu wa mwisho unaoruhusiwa, nawe usiuvuke. Unapoisukuma mashine ukutani, hakikisha huipondi paipu nyuma yake. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi, hata kwa watu waliofunga kila kitu kingine sawasawa.

Viungo vibanwe kwa klipu za chuma na utepe wa alumini. Usitumie skrubu zinazochomoza ndani, kwa sababu ncha zake hukamata manyoya. Panapounganishwa vipande viwili, kile kinachotoka mashineni kiingie ndani ya kinachofuata, kwa mwelekeo wa upepo. Paipu isining'inie kama machela, maana maji hutulia pale chini. Tundu la ukutani liinamie nje kidogo ili matone yatoke.

Nje weka kifuniko chenye ulimi unaofunguka kwa upepo na kujifunga mashine ikizimwa. Huo huzuia mijusi, panya na ndege kutengeneza makao. Wavu wa tundu dogo usiweke, utaziba kwa manyoya katika wiki chache. Mdomo wa paipu usielekee dirisha la jirani. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na mvuke wako si halali kuwa kero yake.

Walioko Mji wa Kale wana jambo la ziada. Kuta zile za mawe ya matumbawe ni nene, na eneo lenyewe linalindwa kisheria kama urithi. Ulizia kibali kabla ya kutoboa ukuta. Wengi huona afadhali kununua ile ya kidoo cha maji, na mimi huwaunga mkono.

Jambo jingine linalosahaulika: hewa inayotoka lazima iwe na hewa inayoingia. Ukiifungia mashine kabatini, itahema kama mtu aliyezibwa pua. Acha dirisha wazi kidogo au mlango wenye matundu. Na kama ni mashine ya gesi, paipu kutoka nje ni suala la uhai, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Hiyo ifungwe na fundi wa gesi tu.

Kazi ya kila siku

Chujio la manyoya lisafishwe kila mzigo. Nimesema kila mzigo, si kila Ijumaa. Paipu ifunguliwe na kusafishwa angalau mara moja kwa mwaka, na kwa anayefanya udobi, kila baada ya miezi miwili mitatu. Dalili za kuziba ni tatu: nguo zinachelewa kukauka, mashine inakuwa moto kupita kawaida juu, na nje ulimi wa kifuniko haufunguki. Katika hesabu za idara ya zimamoto ya Marekani za miaka ya 2008 hadi 2010, mashine hizi zilihusishwa na mioto ipatayo 2,900 ya majumbani kwa mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafishwa.

Usikaushe nguo zenye mafuta ya kupikia, mafuta ya kukandia, petroli au rangi. Matambara ya jikoni na taulo za kusingia hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa, na yakipata joto kisha yakarundikwa yanaweza kuwaka yenyewe. Yaanike juani. Jua letu lipo.

Usiondoke nyumbani wala usilale mashine ikiwa kazini. Dakika za mwisho mashine huzungusha nguo bila moto ili zipoe, kwa hivyo usiikatize njiani. Stima ikipotea katikati, chomoa plagi, toa nguo, uzitandaze. Zikibaki zimeshonana ndani na joto lao, hazipoi.

Mitumba ya Uingereza na ya Marekani

Mashine nyingi zinazouzwa huku zimetumika Uingereza. Bei ni nzuri na umeme ni ule ule. Lakini mnunuzi ajue kwamba mwaka 2015 kampuni ya Whirlpool ilitangaza hitilafu katika mashine za paipu na za kidoo zilizotengenezwa kuanzia 2004, zikiwemo za majina ya Hotpoint, Indesit na Creda. Manyoya yangeweza kufikia koili na kuwaka. Agosti 2016 mashine ya aina hiyo iliunguza nyumba za ghorofa Shepherd's Bush, London, na mwaka 2019 ukatolewa mwito wa kuzirudisha zile ambazo hazijarekebishwa. Zilizouzwa zilikuwa mamilioni. Ukiuziwa moja, andika namba ya modeli na ya siri iliyo kwenye kibati, kisha iangalie kwenye tovuti ya kampuni kabla hujatoa pesa. Muuzaji asiyekuruhusu kusoma kibati, mwachie mali yake.

Ya Marekani ni kesi nyingine. Kule mashine hupata nyaya mbili za moto, kila mmoja volti 120 ukipimwa na nyutro. Koili hutumia zote mbili, yaani 240, na mota hutumia moja, yaani 120. Sisi hatuna huo wa 120. Ukikata plagi yake na kufunga yetu, mota hupewa volti maradufu ikaungua, au haipati kitu. Isitoshe huvuta wati 5,000 au zaidi, ambazo plagi ya ampea 13 haziwezi, na mota yake ni ya hezi 60. Ndugu aliyeko ughaibuni akikuuliza aitie kwenye kontena, mwambie ailetee pesa yake.

Na ninyi mlioko huko Marekani, mnaohama nyumba na kukuta plagi haiingii, jueni hili. Nyumba nyingi za zamani zina soketi ya matundu matatu, na tangu 1996 nyumba mpya zinatakiwa kuwa na ya matundu manne. Hubadilishwa waya wa mashine, si kulazimisha adapta. Ukifunga waya wa nyaya nne, kile kipande kinachounganisha nyutro na bodi lazima kiondolewe. Nyeupe huenda katikati, nyeusi na nyekundu pembeni, kijani kwenye skrubu ya bodi. Breka ya ampea 30 izimwe kwanza.

Nani aifanye kazi hii?

Plagi na kusafisha paipu, mtu makini anaweza. Kuvuta laini mpya, kufungua boksi la umeme na kupima ethi ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe. Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa leseni. Na akimaliza, mwambie apime ethi mbele yako, kisha mwashe mashine pamoja, mtoke nje mkaone ulimi wa paipu umefunguka na hewa ya moto inatoka.

Dada yangu alilalamika kidogo nilipomtajia gharama ya laini mpya na bomba la bati. "Kaka, hiyo ni fulusi ya nguo za mwezi mzima," akasema. Sikumjibu. Nilikuwa nimeweka kwenye sinia ile plagi iliyoyeyuka na gunia la manyoya tuliyoyatoa darini. Akaviangalia, akamwangalia mwanawe mdogo aliyekuwa akicheza pale pale barazani, akaingia ndani kuchukua pesa.

Plagi ile ameitundika kwa kamba karibu na mashine. Wateja humuuliza ni kitu gani, naye huwaeleza.